Joto, shifti na siku ya afya: yanayosemwa makazini Mombasa, na ukweli wake

Siku hizi makampuni mengi ya Mombasa yana siku ya afya. Hema linapigwa uani, watu wanapimwa presha na sukari, tisheti zinagawiwa, picha zinapigwa. Si vibaya hata kidogo. Ila aliyeambiwa presha yake iko juu anarudi kesho yake kwenye shifti yenye urefu wa saa kumi na mbili, siku sita kwa wiki, na hapo ndipo penye maneno. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa hesabu yao: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Shifti za bwana huyu ni saa 72 kwa wiki.

Wanaodhani semina itaziba pengo hilo wasikie ya Uingereza. Mwaka 2024 William Fleming wa Chuo Kikuu cha Oxford alichapisha utafiti juu ya wafanyakazi 46,336 wa mashirika 233. Walioshiriki mafunzo ya kutuliza akili, programu za simu za usingizi na mengine ya namna hiyo hawakuwa na nafuu kuliko wenzao wasioshiriki. Kazi za kujitolea tu ndizo zilizoonyesha faida. Meneja asiyejua pa kuanzia aanze na ratiba ya shifti.

"Sisi wa Pwani joto tumelizoea"

Hii ndiyo inayoniudhi zaidi, maana nusu yake ni kweli. Mwili huzoea joto, lakini huchukua wiki moja au mbili za kufanya kazi ndani ya joto lenyewe, na mazoea hayo hupungua mtu akienda likizo. Anayelala chini ya feni Kisauni hajazoea kushusha magunia kwenye kontena Shimanzi saa nane mchana, bati linawaka na hewa imesimama. Tena fukuto letu lina ubaya wake: hewa imejaa unyevu, jasho latiririka lakini halikauki, na kule kukauka ndiko kunakopoza mwili.

Hatari kubwa iko kwa mgeni wa kazi. Idara ya usalama kazini ya Marekani inasema karibu nusu ya vifo vya joto kazini hutokea siku ya kwanza kabisa ya mtu kazini. Kwa hiyo wataalamu wa huko wanashauri mgeni akae kwenye joto asilimia 20 tu ya muda wa kawaida siku ya kwanza, kisha aongezewe asilimia 20 kila siku. Sisi twafanya kinyume: kibarua mpya ndiye anayetwishwa mzigo mzito, aonekane kama anajiweza. Maji yanywewe kikombe kila dakika 15 au 20, kiu isingojewe. Na mtu akianza kubabaika maneno msiseme amelewa. Mtoeni kwenye joto, mmwagieni maji, itisheni ambulensi.

Halafu kuna Ramadhani, ambayo miaka hii inaangukia Februari na Machi, wakati joto la kaskazi bado kali. Aliyefunga hutamwambia anywe maji. Kazi nzito ndiyo ihame, ifanywe asubuhi mapema au usiku baada ya tarawehe.

"Anayeenda chooni kila saa anakwepa kazi"

Chungulia toroli la msafisha vyumba katika hoteli ya ufuoni. Chini ya taulo safi mna chupa ya maji imefichwa, kwa kuwa amekatazwa kunywa mbele ya wageni. Mara nyingi chupa hiyo inafika saa saba haijaguswa: choo cha wafanyakazi kiko nyuma ya jiko, ghorofa tatu chini, na vyumba vyake vinahesabiwa. Kubana mkojo kutwa bila kunywa maji huchangia maambukizi ya njia ya mkojo, na wanawake ndio huathirika zaidi. Hili halitaki semina. Linataka ufunguo wa choo cha karibu.

"Kibarua hana ruhusa ya kuugua"

Anayo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo miezi miwili au zaidi apate masharti sawa na asiye kibarua. Na mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili hiyo ana siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 nyingine kwa nusu mshahara kila mwaka, mradi alete karatasi ya daktari.

"SHIF tunamkatia, akiumia atatibiwa"

Ile asilimia 2.75 ya SHIF, mfuko wa serikali wa bima ya afya, inatoka kwenye mshahara wake mwenyewe. Fidia ya kuumia kazini ni jambo jingine, lina sheria yake ya 2007, na bima yake ni juu ya mwajiri. Aliyeumia amwarifu mwajiri ndani ya saa 24, naye mwajiri apeleke taarifa kwa idara ya serikali ndani ya siku 7. Kumpa mtu nauli na hela ya vidonge akapumzike nyumbani si taarifa. Ndugu zangu, hata mkisema kwa mdomo, andikeni pia na mbaki na nakala.

"Msongo wa mawazo amekuja nao kutoka kwake"

Wengine husema ana majini. Asomewe, hakuna ubaya, kisomo na daktari havigombani. Lakini mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuchoka kazi kupita kiasi kuwa ni tokeo la msongo wa muda mrefu wa kazini usiodhibitiwa: mtu anaishiwa nguvu, anaichukia kazi, na ufanisi wake unashuka. Halikuiita ugonjwa. Mhudumu wa hoteli anayerudishwa nyumbani bila malipo kila Mei, wageni wakipungua, hana haja ya kuelezwa msongo unatoka wapi.

Palipo na wafanyakazi 20 au zaidi, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka iwepo kamati ya usalama na afya. Ulizieni ilikutana lini mara ya mwisho, na msafisha vyumba anawakilishwa na nani.