Stafeli: juisi sawa, lakini chai ya majani?

Mstafeli na mtopetope ni mti mmoja?

Ni ndugu tu. Stafeli ni kubwa, kijani, lina vijimiba laini na uchachu. Topetope ni dogo, tamu tupu. Asili ya mstafeli ni Amerika ya kitropiki, ingawa Unguja na Tanga umeshakuwa mti wa uani. Haupukutishi majani yote kwa mkupuo, hivyo jani la kuchemsha halikosekani.

Wazee huutumia kwa nini?

Majani huchemshwa kwa kukosa usingizi, presha, sukari na homa. Mbegu husagwa kuua chawa. Hapo tahadhari: unga wake ukiingia jichoni, hudhuru vibaya.

Ni kweli unatibu saratani "mara 10,000 kuliko kemotherapia"?

Hapana. Ujumbe huo unaozunguka WhatsApp una chanzo: maabara ya Marekani, miaka ya 1990, kemikali moja ya mti huu ilijaribiwa kwenye seli za saratani ndani ya vyombo. Hata jiki ikimwagiwa seli hizo itaziua. Kazi ngumu ni kuua seli mbovu ndani ya mtu bila kumdhuru yeye, na hilo mstafeli haujathibitishwa kulifanya.

Chai yake kila siku ina ubaya?

Hapa ndipo ninapokuwa mkali. Mti huu una anonasini, sumu ya seli za neva. Mwaka 1999 watafiti kisiwani Guadeloupe, Karibi, walieleza wagonjwa wengi wenye dalili kama za Parkinson (ugonjwa wa neva unaoleta kutetemeka na mwili kukakamaa) ambao dawa ya kawaida ya ugonjwa huo haikuwasaidia. Wengi walikuwa walaji wa stafeli na wanywaji wa chai ya majani. Haijathibitishwa kuwa ndiyo sababu, ila panya waliopewa anonasini waliharibika ubongo. Mimi singeinywa kila siku.

Na juisi?

Kunywa mara mojamoja, ina vitamini C na nyuzinyuzi. Toa mbegu zote kabla ya kuwasha blenda. Mwenye kisukari asiongeze sukari.

Mama mkwe ana saratani ya matiti. Anahudhuria kliniki, lakini chupa ya chai ya mstafeli haimtoki mkononi. Tumnyang'anye?

Msimnyang'anye, atainywa kwa siri. Mwendeni naye kliniki, na daktari aambiwe anakunywa vikombe vingapi, hasa kama ana dawa za presha au sukari, maana chai inaweza kushusha presha au sukari kupita kiasi. Siku akisema chai inatosha, kliniki basi, msisubiri tarehe ya miadi. Mpelekeni siku hiyohiyo.