Kwa nini akili hutoroka mahubiri yakianza, na namna ya kuirudisha

Washarika wenzangu hapa Moshi wakishajua kwamba kazi yangu ni kufundisha saikolojia ya kujifunza, swali wanaloniuliza zaidi halihusu shule za watoto wao. Linahusu Jumapili. "Mwalimu, nyimbo nazifuata, sala nazifuata, lakini mchungaji akishaanza kuhubiri tu, akili yangu iko Kiboriloni sokoni. Kwa nini?" Wengi huuliza kwa sauti ya chini, kama wanaoungama. Nimeamua kuwajibu kwa urefu kwa sababu naona watu wanajitesa bure. Wanadhani imani yao imepoa, kumbe hakuna aliyewahi kuwafundisha kusikiliza. Shuleni tulifundishwa kusoma na kuandika. Kusikiliza tuliamriwa tu.

Jambo la msingi ni kwamba akili huenda kasi kuliko mdomo. Ralph Nichols, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Minnesota na kuchunguza usikilizaji kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1957 kwamba Mmarekani wa kawaida husema maneno kama 125 kwa dakika, ilhali akili ya anayemsikiliza ina uwezo wa kwenda kasi kubwa zaidi. Kwa Kiswahili hesabu ya maneno ni nyingine, maana neno letu moja hubeba mengi, lakini pengo lipo. Mhubiri hajamaliza sentensi, wewe umeshaielewa na nafasi imebaki. Nafasi hiyo haikai tupu. Ada ya mtoto inaingia, kikao cha harusi kinaingia, bei ya mbolea inaingia. Kwa hiyo kukaza macho na kujiambia "sikiliza, sikiliza" hakusaidii kitu. Kinachosaidia ni kulipatia lile pengo kazi, na kazi hiyo itoke ndani ya mahubiri yenyewe.

Kazi ninayoipendekeza kwa kila mtu ni kutafuta swali. Karibu kila hubiri linajibu swali fulani, hata kama mhubiri hakulitaja. Chukua Luka 15, habari ya mwana mpotevu. Mchungaji mmoja atauliza baba huyu ni wa namna gani hata amkimbilie mtoto aliyemaliza mali. Mwingine atauliza kwa nini yule kaka mkubwa amebaki nje wakati ngoma inachezwa ndani. Somo ni lilelile, mahubiri ni mawili tofauti kabisa. Dakika za mwanzo sikiliza ujue leo ni lipi. Ukishalikisia, kisia pia anakoelekea. Akifika ulikokisia, umemwelewa. Akichepuka, utashtuka na kutaka kujua kwa nini, na kwa vyovyote vile mko pamoja. Akitoa kisa, jiulize kimekuja kubeba nini, kwa maana watu wengi hukumbuka kisa hadi Krismasi na hawajui kilisimuliwa kwa ajili gani. Kisha rudisha macho kwenye Biblia uone hoja hiyo ameitoa katika mstari gani. Asidhani mtu kwamba huko ni kumkosea mchungaji heshima. Watu wa Beroya, katika Matendo 17, walisifiwa kwa kuyachunguza Maandiko waone kama waliyoambiwa ndivyo yalivyo, na aliyewahubiria alikuwa Paulo.

Daftari ni zuri, ila usiandike kila kitu. Mkono ukikimbizana na maneno, akili haipati muda wa kupima. Andika lile swali, na sentensi mbili tatu zilizokugusa.

Ada ya mtoto je, ikibisha hodi katikati ya mahubiri? Usipigane nayo. Wanasaikolojia E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha mwaka 2011 kwamba jambo lisilokamilika huendelea kuingilia mawazo, lakini mtu akishapanga wazi atalishughulikia lini na vipi, usumbufu hupungua hata kabla jambo lenyewe halijafanyika. Basi pembeni ya daftari andika "ada, Jumatatu asubuhi, nimpigie mhasibu," urudi kwenye swali lako. Na usianze kujilaumu. Kujilaumu nako ni kutoroka: ukimaliza kujikaripia, mhubiri ameshafika hoja ya pili. Simu, kwa upande wake, haihitaji maelezo marefu. Kama unasomea Biblia ya simu, zima data.

Usingizi ni habari nyingine, na hapa nataka tuoneane huruma zaidi. Jumamosi zetu tunazijua: harusi, sendofu, watu wanarudi nyumbani saa sita usiku, na ibada ya kwanza inawasubiri asubuhi. Halafu kuna mama aliyeamka alfajiri, akakata majani, akakamua ng'ombe, akawaandaa watoto, akateremka mlima kwa miguu. Benchi la kanisa huenda ndiyo mahali pa kwanza alipokaa tangu aamke. Mwili uliokosa usingizi ukipata utulivu unasinzia, moyo upende usipende. Wazee wa kanisa wanaopita kugusa watu mabega nawaomba wamkumbuke Eutiko, katika Matendo 20. Luka, ambaye Paulo anamwita tabibu mpendwa, anaeleza mazingira kwa makini: chumba cha juu, taa nyingi, kijana amekaa dirishani, na Paulo akaendelea kunena hata usiku wa manane. Kijana akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Paulo akashuka, akamkumbatia, akawatuliza watu. Katika habari yote ile hamna neno hata moja la kumkemea aliyelala. Kama Jumamosi imekuelemea, nenda ibada ya pili. Kaa karibu na mlango, penye hewa, hasa miezi ya Juni na Julai ambapo kwa ajili ya baridi tunafunga madirisha yote na kanisa limejaa. Ukizidiwa, simama nyuma kwa muda.

Ibada ikiisha, hifadhi ulichopata kabla hakijafunikwa. Nje kuna mnada, ndizi na mayai na kuku vinanadiwa, salamu kila upande, na kufika nyumbani mahubiri yameshakwenda. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, katika utafiti wao wa 2006, waliwapa wanafunzi maandishi ya kusoma. Baada ya wiki moja, waliokuwa wamejaribu kuyakumbuka kwa kichwa walibaki na mengi kuliko waliokuwa wameyasoma tena na tena. Kwa hiyo njiani kuelekea nyumbani muulize mwenzako, na umuulize mtoto pia: "Leo mchungaji alikuwa anajibu swali gani?" Mtoto wa miaka minane atakujibu, na wakati mwingine atakujibu vizuri kuliko baba yake. Siku ya jumuiya katikati ya wiki mkiulizana tena, mtashangaa ni kiasi gani bado kipo.

Nimeacha mwisho jambo ambalo naamini lina nguvu kuliko yote, nalo hufanyika kabla ya kuingia kanisani. Mwaka 1972 wanasaikolojia John Bransford na Marcia Johnson waliwasomea watu habari iliyoandikwa kwa makusudi ili isieleweke kirahisi. Waliodokezwa mapema inahusu nini walielewa na kukumbuka mengi. Waliodokezwa baada ya kuisikia hawakusaidika. Anayelisikia somo kwa mara ya kwanza likisomwa madhabahuni yuko katika hali hiyohiyo: mhubiri anajenga juu ya kitu ambacho msikilizaji bado anakitafuta. Sisi Walutheri, kama Wakatoliki na Waanglikana, tuna kalenda ya masomo, kwa hiyo somo la Jumapili linajulikana mapema. Jumamosi jioni, baada ya chakula, dakika kumi zinatosha kulisoma nyumbani kwa sauti, kila mmoja aseme jambo moja asilolielewa. Mtu akienda kanisani na jambo lake asilolielewa, hahitaji kulazimishwa kusikiliza.

Kwa wazee wa kanisa na wainjilisti wanaosoma hapa, ombi langu ni dogo. Kwenye matangazo, pamoja na ratiba ya kwaya na michango ya ujenzi, tajeni na somo la Jumapili ijayo, kitabu, sura na mistari, taratibu, watu wapate kuandika.