Kipandauso na habari ya kufidia usingizi wikendi

Wengi wanaamini kipandauso (yale maumivu makali ya kichwa yanayokuja kwa mashambulio, migraine) kikikusumbua dawa yake ni kufidia usingizi wikendi, ulale mpaka saa sita mchana. Hapana jamani. Ni kweli kukosa usingizi kunaweza kukiamsha, ila kulala kupitiliza nako kunaweza, ndo maana kuna watu kichwa kinawapasuka Jumapili siku ambayo hata kazini hawaendi, na chai ya asubuhi ikichelewa inachangia maana mwili uliozoea kafeini unaidai. Halafu maumivu yanakata usingizi na usingizi mbovu unaleta maumivu, na kuna sehemu ya ubongo inaitwa haipothalamasi inahusika na vyote viwili. Hata ile miayo ya siku moja kabla kichwa hakijaanza kuuma, mara nyingi shambulio lishaanza hapo, sio kwamba umechoka tu. Kinachosaidia zaidi ni kulala na kuamka saa zilezile, Jumapili imo. Ila kama unakoroma sana na kila asubuhi unaamka na kichwa, mwone daktari, inaweza kuwa pumzi inakatika usingizini, na panadol za kila siku nazo (hii wengi hawapendi kuisikia) zinaweza kuzidisha kichwa chenyewe.