Kamera iliyozimika haijasema mnyama hayupo

Ripoti za kamera za kutega, zinazojipiga picha mnyama akipita, kutoka msitu wa Arabuko-Sokoke na vichaka vya kandokando ya Malindi zinazidi kuletwa, na tunawashukuru wanafunzi na vikundi vya jamii wanaoingia msituni kuzifunga. Malalamiko nayo yameongezeka: mbona ripoti zinarudishwa, mbona ofisi inapenda urasimu. Nyingi zinarudishwa kwa sababu moja tu. Siku ambazo kamera ilikuwa imekufa zimejazwa sifuri.

Kanuni za kukadiria ukaaji wa wanyama, yaani uwezekano kwamba mnyama yupo mahali fulani, hatutazirudia hapa; aliyefika hatua ya kufunga kamera anazijua. Sifuri maana yake kamera ilikuwa macho na mnyama hakupita mbele yake. Kamera isiyokuwa macho haina la kusema, na nafasi yake kwenye jedwali huachwa tupu, yaani NA. Ukiweka sifuri, programu itaamini ulitazama usione.

Chukua kamera mbili, moja imefanya kazi siku 30, nyingine imezimika baada ya siku 8. Tuseme mnyama yupo sehemu zote mbili, na uwezekano wa kumnasa kwa siku ni asilimia 10. Ya kwanza ina nafasi ya asilimia 96 ya kumpata walau mara moja. Ya pili asilimia 57. Sasa mchukue mnyama mwenye haya, mfano paa nunga, ambaye Wagiriama humwita kunga marara, na tuseme uwezekano wake ni asilimia 2 kwa siku. Hapo ni asilimia 45 kwa 15. Kwa mnyama wa namna hiyo utahitaji siku kama 149 ili ufikie asilimia 95. Kwa hiyo anayeandika kwamba paa nunga "hayupo" kwa kamera ya siku 8 hajatafiti.

Wengine, wakiogopa tofauti hiyo, hukata kamera zote zilingane na iliyoishi muda mfupi kuliko zote. Hayo ni mateso ya bure: unatupa picha ulizozitokea jasho. Wengine hugawanya idadi ya picha kwa siku za kamera wakadhani wamemaliza. Hapana. Uwiano huo bado umechanganya wingi wa mnyama na urahisi wa kumnasa.

Njia yenyewe ni hii. Gawa muda katika vipindi, tuseme vya siku 5. Kamera iliyofanya kazi siku 2 kati ya 5 ibaki na 1 (mnyama alinaswa) au 0 yake, lakini pembeni uandike 2, idadi ya siku ilizofanya kazi. Iliyokufa siku zote 5 ni NA. Idadi hizo za siku ziingie kama kigezo cha uwezekano wa kunasa, zisiingie upande wa ukaaji. Kosa hili la kuziingiza upande wa ukaaji tunaliona karibu kila wiki. Wanaotumia camtrapR, kifurushi cha programu ya R cha kupanga data za kamera, wajaze safu za tatizo lilipoanza na lilipokwisha kwenye jedwali la vituo, wapitie amri ya cameraOperation, kisha detectionHistory ikiwa na includeEffort. Programu hiyo huweza kusawazisha juhudi, yaani siku za kamera kufanya kazi, kwa wastani na mkengeuko sanifu, basi hifadhi namba hizo mbili. Utakapotaka kutabiri kwa kipindi cha siku 5 kamili utazihitaji.

Ugumu ni kujua kamera ilikufa lini. Picha ya mwisho ya mnyama haitoshi. Huenda kamera iliendelea kukesha siku kumi bila kitu kupita. Itegeshe ijipige picha moja kila siku, saa sita mchana, ndiyo itakayokuwa shahidi. Betri zikikatika kabisa, kamera nyingine hurudi kwenye tarehe ya kiwandani, kwa hiyo piga picha ya kibao chenye tarehe na saa unapofunga na unapofungua.

Kuna pia kamera iliyokufa nusu. Betri za kawaida zinapochoka, mwanga wa usiku hufifia kabla picha za mchana hazijaharibika. Ukiangalia kadi unaona nyani na paa mchana, unaridhika, kumbe fungo na kanu wamepita gizani mbele ya lenzi isiyoona hata mita tatu. Kwa wanyama wa usiku, hesabu siku hizo kuwa zimepotea. Usichanganye betri kuukuu na mpya. Karibu na hori la Mida chumvi hula vibati vya shaba vinavyogusa betri, vifute kila ukaguzi. Masika nyasi huota na kuyumba mbele ya kamera, kadi inajaa majani.

Jambo linalotusumbua zaidi ni kwamba upungufu huu haugawanyiki sawa. Kamera huibwa pembezoni, karibu na mashamba na njia za kuni. Ndani kabisa huangushwa na ndovu. Ukilinganisha ukingo na katikati ya msitu bila kuangalia siku za kila upande, huenda unalinganisha wezi na ndovu. Panga kamera za akiba za ukingoni tangu mwanzo.

Na kwa kuwa ukingoni hupita watu: leseni ya NACOSTI (Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu) kwanza, idhini ya WRTI (Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori) iliyoko Naivasha, na ruhusa ya wasimamizi wa msitu, zote kabla ya kufunga hata mkanda mmoja. Picha ya mtu ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Ikiibwa kadi yenye sura za watu, na kukiwa na hatari ya kweli ya kuwadhuru, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Faini ya kiutawala yaweza kufika shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, itakayokuwa ndogo. Ng'oa picha za watu, lakini siku zake zihesabiwe. Kamera ilikuwa macho.

Ripoti iambatane na daftari la kila kamera: ilipofungwa, kila ukaguzi, tatizo kutoka lini hadi lini, ilipoondolewa, pamoja na picha za kibao. Isiyo na daftari hatutaifungua.