Barua ya kuomba kazi hoteli ya kifahari: sifa chache, tukio moja

Kazi yangu ni kuchuja maombi ya kazi za hoteli za Zanzibar na kambi za mbugani. Nikifungua barua huwa najiuliza swali moja tu: mtu huyu nikimpa kadi amwandikie mgeni salamu za kumkaribisha chumbani, ataandika nini?

Barua rasmi tuliyofundishwa shuleni, yenye anwani mbili na YAH: MAOMBI YA KAZI, haina ubaya. Kinachoangusha watu ni aya ya kwanza. "Mimi ni Mtanzania mwenye umri wa miaka 26, mchapakazi, mwaminifu, ninayejituma." Sifa hizo kila mtu anajipa, kwa hiyo hazinisaidii kumtofautisha yeyote.

Chukua mhudumu wa mgahawa anayeandika: "Nina uzoefu mkubwa wa kuhudumia wageni wa hadhi ya juu." Hapo sijapata kitu. Mwingine anaandika: "Mgeni mmoja aliacha mkate siku mbili mfululizo. Nilimuuliza taratibu, akasema ngano inamdhuru. Nilimweleza mpishi, na asubuhi iliyofuata mgeni alikuta mihogo ya nazi mezani bila kuagiza." Huyu ana jicho, anajua kuuliza bila kumwaibisha mtu, na anaelewana na jikoni. Na hajajisifu hata mara moja. Huyo namwita kwenye usaili.

Wenye uzoefu nao wana kosa lao: kutaja majina. "Nimewahi kumhudumia waziri fulani, mwanamuziki fulani." Anadhani ananivutia, kumbe ndiyo kwanza naiweka barua pembeni. Mgeni wa hoteli hizi analipia na siri yake pia. Andika "familia iliyohitaji faragha", inatosha.

Halafu ijue nyumba unayoiomba. Park Hyatt Zanzibar iko Shangani, ndani ya Mji Mkongwe, na sehemu yake ni jumba la kale la Mambo Msiige. Four Seasons ya Serengeti ina vyumba 77, na tembo huja kunywa maji mbele ya bwawa la kuogelea. JW Marriott ya Masai Mara ina mahema 20 tu. Barua moja haiwezi kutosha kote huko. Kambini unaonana na mgeni yuleyule kuanzia chai ya alfajiri mpaka chakula cha usiku, na wenzako unaishi nao mbali na mji. Nieleze unavyoishi na watu. Ukiomba mapokezi ya hoteli ya mjini, nitajie lugha unazozungumza na mfumo wa kompyuta uliouzoea, kama Opera.

Tangazo likiwa la Kiingereza, jibu kwa Kiingereza, ila chepesi. Maneno mazito yaliyookotwa mtandaoni yanajulikana upesi, maana mistari miwili chini yake lugha inabadilika ghafla. Kama hujui umwandikie nani, piga simu mapokezi uulize jina la meneja wa rasilimali watu. Wakikunyima jina, watakupa cheo.

Ukurasa mmoja unatosha. Itume kwa PDF, faili liwe na jina lako na nafasi unayoomba, si "barua mpya mpya 2". Na tafadhali, usinitumie picha ya barua uliyoipiga kwa simu, kikombe cha chai kikionekana pembeni. Kila tangazo likitoka, mbili tatu za namna hiyo hazikosi.