Ukaguzi wa kijamii: hesabu zinaposomwa mbele ya wenye majina

Tuseme karani amesimama chini ya turubai katikati ya kijiji, daftari la vibarua mkononi. Anasoma: mama fulani, siku kumi na mbili, kazi ya kuchimba bwawa, amelipwa, ametia dole gumba. Mama huyo yupo mkutanini. Anainuka na kusema kwamba alifanya siku nne, na kwamba dole hilo si lake. Afisa aliyeidhinisha malipo yumo humo humo, naye anatakiwa ajibu. Huo ndio ukaguzi wa kijamii, njia iliyoanzia India: hesabu za fedha za umma zinasomwa hadharani mbele ya watu walioandikwa ndani yake, wao wanathibitisha au wanakanusha, na majibu yao yanaandikwa.

India ina mkaguzi wa kawaida pia. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu yumo kwenye katiba, ibara ya 148 hadi 151, na kumwondoa ni kazi ngumu sawa na kumwondoa jaji wa Mahakama ya Juu. Ripoti zake huenda bungeni, kisha huchambuliwa na Kamati ya Hesabu za Serikali, ambayo tangu 1967 kwa desturi huongozwa na mbunge wa upinzani. Ni ofisi yenye uzito. Ripoti yake ya 2010 kuhusu leseni za masafa ya simu ilitikisa serikali nzima, na mwaka 2012 mahakama ikafuta leseni 122. Lakini mkaguzi wa ofisini hupima karatasi kwa karatasi. Vocha ikiwa na sahihi, risiti ikiwepo na jumla ikilingana, atajuaje kwamba kibarua wa mstari wa saba alifariki miaka mitatu kabla ya kulipwa? Jirani wa marehemu anajua, kwa sababu alikwenda mazikoni.

Ukaguzi wa kijamii ulizaliwa Rajasthan, jimbo la India, kwenye vijiji vikavu ambako wakati wa ukame watu hutegemea kazi za serikali za barabara na mabwawa. Mwaka 1990 wakulima na vibarua waliunda chama kiitwacho Mazdoor Kisan Shakti Sangathan. Miongoni mwa waanzilishi wake ni Aruna Roy, aliyewahi kuacha kazi ya utumishi wa umma, pamoja na Shankar Singh na Nikhil Dey. Vibarua walikuwa wakilipwa chini ya kima cha chini, na walipolalamika waliambiwa kwamba daftari linaonyesha hawakutimiza kazi. Wakaomba kuliona daftari. Wakaambiwa ni siri ya serikali.

Hapo ndipo mgogoro wa mshahara ulipogeuka kuwa mgogoro wa karatasi. Desemba 1994, huko Kot Kirana, walifanya mkutano wa kwanza wa "jan sunwai", yaani umma kusikiliza shauri. Katika mikutano ya namna hiyo yalitokea majina ya wafu na ya waliohama zamani, na majengo yaliyoandikwa kuwa yamekamilika hali hayana paa. Msemo wao ulikuwa "hamara paisa, hamara hisab": pesa yetu, hesabu yetu. Mwaka 1996 walikaa barabarani mjini Beawar siku 40 wakidai nakala za mafaili. Tone hilo lilikuja kuwa mto, maana mwaka 2005 India nzima ilipata Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Kwa ofisi za serikali kuu mwananchi hulipa rupia 10, na jibu kwa kawaida linatakiwa ndani ya siku 30.

Mwaka huo huo ikaja sheria ya ajira vijijini, iliyoahidi kila kaya siku 100 za kazi kwa mwaka. Kifungu chake cha 17 kiliagiza mkutano wa kijiji ukague kazi zote za mpango huo. Kanuni za 2011 ziliongeza jambo la busara: wanaoendesha ukaguzi wasiwe wakazi wa eneo linalokaguliwa. Ni vigumu kumsomea mwenyekiti makosa yake iwapo kesho unamtegemea akugongee muhuri.

Udhaifu wa njia hii naona unaanza baada ya mkutano kufungwa. Wizi ulifichuliwa sana, lakini fedha zilizorudishwa zilikuwa sehemu ndogo tu. Vitengo vya ukaguzi vilitegemea fungu la serikali ile ile inayokaguliwa, na fungu likichelewa, mikutano haikufanyika.

Njia hii ilifika hata pwani yetu. Mwaka 2007 MUHURI, shirika la haki za binadamu la Mombasa, liliandaa ukaguzi wa kijamii wa fedha za maendeleo ya jimbo la Changamwe, wakazi wakipita kwenye miradi wakiwa na hesabu mikononi. Kenya wakati huo haikuwa na sheria ya kupata taarifa, kwani ilipatikana 2016. Kwa hiyo hata kuyaona mafaili kulitegemea ridhaa ya walioyashika.