Je, wajua kwa nini kiti kimoja kando ya barabara kinaweza kumrudisha mzee sokoni?

Jirani yetu mmoja wa Ng'ambo, hapa Tabora mjini, ni bibi ambaye safari yake ya Soko Kuu ilikuwa na vituo vitatu. Cha kwanza ni gogo la mwembe lililolazwa mbele ya genge. Cha pili ni kiti cha fundi cherehani, ambaye akimwona tu kwa mbali husimama, hukung'uta vipande vya kitambaa na kukisogeza kivulini. Cha tatu kilikuwa baraza ya nyumba moja ya zamani. Nyumba ile ikavunjwa, ikajengwa nyingine nzuri yenye ukuta na geti. Tangu hapo bibi akaacha kwenda sokoni. Akawa anatuma wajukuu, nao wanamletea mchicha uliolala.

Mtaani tukasema bibi kazeeka, miguu imekataa. Siku moja nikamuuliza.

"Shikamoo bibi. Mbona hatukuoni sokoni?"

"Marahaba mjukuu wangu. Miguu ninayo. Pa kukaa ndipo sina."

Nimelifikiria sana jibu lile, na kadiri ninavyosoma kuhusu mwili wa mzee ndivyo ninavyoona kwamba bibi alisema kweli tupu. Uzeeni, mishipa ya damu ya miguu ya watu wengi hupungua upana kwa ndani, hasa kwa mwenye kisukari au aliyevuta sigara miaka mingi. Akitembea, misuli ya shavu la mguu inahitaji oksijeni nyingi kuliko ile inayoletwa na damu, ndipo maumivu yanapoanza. Akipumzika dakika chache maumivu hutulia, na anaweza kwenda tena. Wengine shida yao iko mgongoni: njia ya mishipa ya fahamu ndani ya uti wa mgongo imebana. Hao hata wakisimama kivulini hawapati nafuu. Nafuu huja wakikaa, au wakiinama mbele, na ndiyo maana utamwona mzee anasukuma baiskeli asiyoipanda, ameiegemea tu.

Kwa hiyo ukitaka kujua mzee anaweza kufika wapi, usihesabu umbali wa kutoka kwake hadi sokoni. Hesabu umbali wa kutoka kiti hadi kiti. Ukiondoa kimoja katikati, yote yaliyo mbele ya hapo yamefungwa kwake: soko, msikiti, kanisa, zahanati, msiba wa rafiki yake.

Kiti chenyewe nacho kina masharti. Mtazame mzee anapoinuka kwenye benchi fupi. Anajivuta hadi ukingoni, anarudisha nyayo nyuma, anabandika viganja juu ya magoti, anajaribu mara moja, anarudi chini, anajaribu tena. Kazi yote hiyo ni ya misuli ya mapaja, na ndiyo inayopungua kwa umri. Kiti chenye kimo cha sentimita 45 hivi, chenye mgongo na pa kushika pande zote mbili, kinaigawia mikono sehemu ya kazi hiyo. Kiti kifupi kisicho na pa kushika, wazee wengi hukipita wakiwa wamechoka, kwa kuogopa aibu ya kushindwa kuinuka mbele za watu.

Halafu kiwe kivulini. Septemba na Oktoba jua la Tabora halina huruma, na mwili wa mzee hutoa jasho kidogo, tena huchelewa kusikia kiu. Katika hili mji wetu umerithi utajiri. Hapa ndipo zilipokutana njia za misafara, ile ya Bagamoyo na ile ya kwenda Ujiji, na kando ya njia zile ilipandwa miembe ambayo mingine ingali imesimama. Watu wa karne ya 19 walijua kwamba anayekwenda kwa miguu anahitaji kivuli njiani. Sisi tunaukata mwembe ili kupanua duka, halafu tunashangaa wazee wamepotelea wapi.

Tulikuwa na baraza pia. Lugha yetu inaita baraza pale pa kukalia nje ya nyumba, na inaita baraza pia kikao cha watu wanaoshauriana, kwa kuwa mashauri yalifanyika hapohapo. Nyumba ilikuwa inampa mpita njia kiti bila kumuuliza yeye ni nani. Ukuta wenye geti hauna cha kumpa.

Choo nacho ni sababu, ingawa wengi huona haya kukitaja. Mwanamume mwenye tezi dume iliyovimba huhitaji kujisaidia mara kwa mara, na mama aliyezaa mara nyingi huenda hawezi kujizuia kwa muda mrefu. Asipokuwa na uhakika wa choo, habanduki nyumbani. Na anayebaki ndani hudhoofika upesi: siku 10 tu za kulala kitandani zimeonekana kumpunguzia mzee mwenye afya karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Aliyekuwa anakosa kiti anaanza kukosa miguu kweli.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa miji rafiki kwa wazee, baada ya kuwasikiliza wazee wenyewe katika miji 33, Nairobi ukiwamo. Mahali pa kupumzika na vyoo ni kati ya waliyoyataja. Tanzania ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, inayomhesabu mzee kuanzia miaka 60, na hospitali nyingi za umma zimetenga dirisha la wazee. Ninalishukuru dirisha hilo kwa moyo wote. Lakini linamsaidia aliyekwisha kufika. Ndiyo maana naomba mabaraza ya wazee ya kata yatembee na wahandisi kabla mtaro haujachimbwa, waoneshe wapi papitike, wapi pawe na mfuniko, mti upi usiguswe.

Nasi mtaani tulimfuata mwenye nyumba ya geti, tukamweleza habari ya bibi. Hakuwa anajua. Wiki iliyofuata alileta fundi, wakajenga kibaraza nje ya ukuta, upande unaopata kivuli asubuhi. Bibi aliitwa akijaribu. Akakaa, akatulia kidogo, akainuka kwa shida, akamwambia fundi aongeze tofali moja.